Utepe Uliopasua Mchi wa Bibi

Kisu kilifika kimeviringishwa kwenye kipande cha gunia la korosho. Kondakta wa basi la Newala alimkabidhi mama pale stendi ya Masasi, mama akaja nacho mpaka nyumbani Lisekese, akakifungulia juu ya meza ya jikoni taratibu. Mpini ni wa mninga, umelainishwa mpaka unateleza. Upande mmoja wa chuma umenolewa. Mgongoni fundi ameacha meno, makubwa, yaliyoachana, kila moja limeinama kidogo mbele kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Mama alipitisha kidole kwenye yale meno. Hakuuliza kimetoka kwa nani. Alisema tu, "Kumbe ule utepe umekatika." Halafu akanipa mchicha nikate.

Mimi nilikinusa kwanza. Kilinuka mafuta ya taa, na chini ya mafuta ya taa, kwa mbali, kilinuka mti ulioungua. Pengine hiyo harufu ya pili haikuwepo, niliileta mwenyewe. Lakini mchicha wote wa siku ile niliukata nikiwa Newala, mtoto wa darasa la kwanza, nimekaa juu ya gogo kwenye karakana ya mjomba wangu, nimebana pumzi.

Bibi yangu wa Kitangari, mama yake mama, alikuwa na meno yaliyochongwa. Wenzangu darasani waliotoka mbali wakisikia hivyo wanakunja uso, ila sisi wa kule juu Newala tumewaona mabibi wa hivyo. Alichongwa akiwa msichana, yakawa na ncha, halafu uzee ukaja ukachukua mengine, yaliyobaki yakasimama mbalimbali. Akicheka, unaona giza la mdomo wake katikati ya jino na jino. Mimi nilidhani kila mtu akizeeka meno yake yanakuwa hivyo, na nilikuwa nayasubiri yangu kwa hamu.

Alikuwa na mchi wa mpingo. Sijawahi kuona mwingine mzito kama ule. Wanawake wengine pale kwetu walikuwa na michi myepesi, na wengi walishaanza kupeleka makopa yao ya muhogo mashineni. Bibi akasema unga wa mashine unanuka dizeli, akaendelea kutwanga. Mchi ule katikati ulikuwa umekonda kwa kushikwa, umeng'aa kama umepakwa mafuta, na kila ulipopiga ukingo wa kinu kwa bahati mbaya ulilia kama chuma. Nikiwa nimelala nilijua Bibi ameamka kwa mlio ule.

Hakuwa na mkono laini, niseme ukweli. Tulikuwa tunashuka bondeni kuchota maji, na kupanda na ndoo, na mimi nilikuwa mtoto wa kukanyaga miiba. Mama akinitoa mwiba alitumia sindano nyembamba kabisa, ananidonoa, ananipuliza, ananiambia pole, anadonoa tena, mpaka mguu mzima unawaka na mwiba bado uko ndani. Bibi alikuwa na pini kubwa ya kufungia kanga. Anakushika kisigino kama anashika kuku, anachoma mara moja, anainua, mwiba nje. Hata kulia ulikuwa huwahi.

Bibi akafariki. Sitaeleza sana hapo. Mama akashuka Masasi kuanza biashara ya chakula stendi, na mimi nikaachwa Newala kwa mjomba mpaka mama apate chumba cha kueleweka. Kwetu mjomba si mtu wa pembeni. Kaka yake mama ndiye anayeulizwa mtoto asome wapi, mtoto aozwe kwa nani. Nilimwita Njomba, kama wote tunavyoita. Mke wake, Mama Rehema, alinipokea akanipa kanga yangu ya kujifunika, na wote wawili hawakunilazimisha kuongea. Hilo nawashukuru mpaka leo. Nilikuwa mtoto wa kunyamaza. Mwalimu alidhani sisikii.

Njomba alikuwa fundi wa vyombo vya muziki. Alitengeneza magitaa ya kwaya, zeze kwa anayetaka zeze, na katikati ya hapo vitanda, kwa sababu watu wanalala kila siku lakini hawaimbi kila siku, ndivyo alivyokuwa akisema. Mashine yake ya kupasulia mbao ilikuwa na magurudumu mawili, moja juu na moja chini, na utepe wa chuma wenye meno umezungushwa juu yake kama mkanda wa mashine ya kusaga. Utepe unashuka bila kurudi, ubao unasukumwa pole pole mbele yake, unatoka mbao mbili nyembamba. Kazi hiyo ndiyo inayotengeneza gitaa. Mgongo wa gitaa ni ubao mmoja uliopasuliwa katikati ukafunguliwa kama kitabu, mistari ya huku inaangaliana na mistari ya kule.

Ukutani zilining'inia tepe tatu kwenye misumari, na mimi nilizipa majina. Mwembamba, wenye meno madogo madogo yaliyobanana, niliuita Mtoto. Wa kati niliuita Mama. Ule mpana kuliko zote, wenye meno makubwa yenye mapengo, ningeuitaje tena? Niliuita Bibi. Njomba alinisikia siku moja nikizisalimia. Hakunicheka. Akaanza na yeye kuyatumia majina hayo kwa wateja, na wateja wakawa hawaelewi kwa nini fundi anamwambia mtu, "Kaa hapo, namfunga Bibi."

Msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho, Njomba alitaka kutengeneza gitaa langu. Mimi sikuwa nimeomba gitaa. Yeye alisema mtoto asiyeongea apewe kitu cha kuongelea. Kila kitu alikuwa nacho isipokuwa ubao mweusi wa juu ya shingo, pale vidole vinapokanyaga nyuzi. Hapo panataka mpingo, kwa sababu mti mwingine nyuzi zinauchimba. Na mpingo huwezi kuingia porini ukakata hivi hivi, unataka kibali, na Njomba alikuwa muoga wa watu wa misitu kuliko wa simba. Ndipo alipokumbuka mchi.

Mchi alikuwa ameachiwa mama. Vyombo vya jikoni vya mama vinakwenda kwa binti yake, hata kaka awe mkubwa namna gani hana neno hapo. Mama hakuwa anautumia. Aliuacha Kitangari umesimama kwenye kona ya jiko la Bibi na hakutaka mtu auguse. Njomba alimpigia simu, mimi nikiwa pembeni, na nakumbuka alivyokuwa anaomba kama mkwe.

"Si kwa mteja, Mama Somoe. Ni kwa Somoe mwenyewe."

Njomba akaiondoa simu sikioni, akaiangalia kama imekatika. Kisha mama akasema atakuja mwenyewe, na usipasuliwe kabla hajafika.

Mchi uliletwa na kijana wa bodaboda anayeitwa Dula, ameufunga kwa mipira ubavuni mwa pikipiki, ncha moja imepita mbele ya taa.

"Fundi, huu mti una uzito wa maiti," alisema.

"Funga mdomo wako, ni wa marehemu mama yangu."

"Shikamoo mama," Dula aliuambia mchi, bila utani hata kidogo, akaushusha kwa mikono miwili.

Njomba aliulaza juu ya magoti yake. Akaugonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio. Akagonga mbele kidogo, akasikiliza tena. Aliusikiliza wote hivyo, toka ncha hadi ncha, macho amefumba. Alipomaliza alimwambia mke wake, "Mzima. Bado una sauti."

Leo najua alikuwa anatafuta ufa wa ndani. Mti wenye ufa ukiugonga unajibu kama debe lililotoboka. Lakini siku ile nilielewa kitu kingine kabisa. Nilielewa kwamba Bibi yumo. Kwamba amejibanza humo ndani toka walipomzika, Njomba amemsikia, na sasa wanataka kumpitisha kwenye meno ya mashine.

Sikumwambia mtu. Usingizi ulinipotea. Kutwa nilikaa juu ya lile gogo naangalia Njomba akipasua mbao za watu, na nilikuwa na swali moja tu: utepe upi hauumizi. Nilipeleleza. Mtoto alipita kwenye ubao mwembamba akauacha laini, kama umelambwa. Bibi alipita akaacha michirizi, unga wa mbao ukimwagika chini kwa chembe kubwa. Basi nikawa nimepata jibu langu. Nikawa naomba, kimoyomoyo, katika dua na nje ya dua, wamfunge Mtoto.

Mama alifika na basi la asubuhi, ukungu ukiwa bado umekalia paa. Nilimkimbilia, kisha nikaona haya katikati ya njia nikasimama. Alinichukua hivyo hivyo. Alikwenda moja kwa moja karakana, akauangalia mchi, akaziangalia tepe ukutani.

"Utatumia upi?"

"Ule mpana," Njomba alisema.

"Wenye meno ya kiboko yale?"

"Mchi ni mnene. Utepe mwembamba utapinda ndani, utatoka ubavuni. Na meno madogo hayana pa kuweka unga. Yatajaa, yatapata moto."

"Kaka, utauchana mchi wa mama kwa hayo meno? Weka ule mdogo. Nenda pole pole tu."

Njomba alikuna shingo. Alikuwa na maneno, niliyaona yakipanda na kushuka kooni. Mama Rehema mlangoni akasema, "Fundi leo amepata bosi," na hakuna aliyecheka. Kisha Njomba akautoa Mtoto msumarini, akaufunga.

Nilifurahi. Nilimwona mama yangu kama mtu aliyesoma moyo wangu.

Mchi ni wa mviringo, kwa hiyo Njomba alikuwa ameuchimbia mfereji kwenye ubao mnene, ukalala humo usibiringike. Akauchora mstari wa chaki mgongoni. Akawasha. Mtoto aliingia kwa sauti nyembamba, kama mbu, na kwa muda mfupi kila kitu kilikuwa kizuri. Kisha sauti ikapanda. Ikawa mluzi. Moshi ukatoka, mwembamba, wa bluu, na harufu ambayo mpaka leo nikiisikia natafuta pa kukaa. Njomba alipunguza kusukuma, moshi ukazidi. Mama alikuwa ameshika mdomo. Mimi niliuona mstari wa chaki unakwenda huku na utepe unakwenda kule, kwa upole kabisa, kama mtu anayeacha njia huku anakusalimia.

Njomba alizima. Magurudumu yakazunguka mpaka yakachoka. Alirudisha mchi nyuma, na pale kwenye mpasuko pande zote mbili zilikuwa zimeungua, nyeusi zaidi ya weusi wake. Meno ya Mtoto yalikuwa yameshikamana na unga kama meno ya mtu aliyekula makopa makavu.

Mama alikuja akaweka kidole kwenye pale palipoungua, akakitoa haraka kwa sababu bado palikuwa na moto.

"Basi," alisema. "Nipe mchi wa mama yangu, nirudi nao."

"Mama Somoe."

"Nimesema basi, kaka. Usiharibu na hiki kilichobaki."

Akauinua. Niliona uzito unavyomvuta bega. Nikaelewa kwamba anautoa, unaondoka, utakaa tena kwenye kona ya jiko na jeraha lake, na Bibi yumo ndani ameunguzwa nusu nusu, si nje wala si ndani, kama mguu wangu na ule mwiba. Na hapo ndipo nilipoongea. Siyo ujasiri. Ilinitoka tu.

"Mama, wewe ulikuwa unanidonoa."

Wote waligeuka. Nilitaka gogo linifunike.

"Nini?"

"Mwiba. Wewe na sindano ndogo. Bibi alikuwa na pini kubwa, na haikuwa inauma."

Nadhani ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizosema toka msiba. Mama alibaki ameshika mchi kifuani. Aliniangalia, kisha akaangalia ule utepe mpana ukutani, yale meno na mapengo yake, na nikaona uso wake unabadilika pole pole mpaka sikujua kama analia au anacheka. Vyote vilikuwa vinakuja kwa pamoja.

"Ulijua kwamba hautapita?" alimuuliza kaka yake.

"Nilijua."

"Sasa kwa nini ulinisikiliza?"

"Mchi si wako? Mama alikuachia wewe. Mimi nina mashine tu."

Mama aliurudisha mchi kwenye mfereji wake. Akaufuta kwa ncha ya kanga, ingawa haukuwa na kitu. "Haya," alisema. "Mfunge Bibi."

Njomba hakufanya haraka. Aliugeuza mchi, tuanzie ncha ile nyingine, ile nzima. Utepe mpana aliupitia kwa tupa jino kwa jino, akaufuta utomvu kwa mafuta ya taa, akaukaza kwenye magurudumu mpaka alipoudonoa kwa kidole ukatoa sauti aliyoitaka. Nakumbuka alivyotikisa kichwa kwa ile sauti, kama mtu aliyeitikiwa salamu. Alichora mstari mpya. Mama alikuja akakaa kwenye gogo langu na kunipakata, mikono yake imenifunga mbele kama mkanda.

Bibi aliingia kwa sauti nzito. Haikuwa mluzi, ilikuwa ngurumo ya chini, ile ya mtu anayesukuma kabati chumba cha pili. Unga ulimwagika wenye rangi ya kahawia iliyokolea, chembe chembe, kila jino likitoka na mzigo wake na kuutupa chini kabla ya kurudi kuchukua mwingine. Moshi hakuna. Mstari wa chaki ulipotea mbele ya utepe, wote, bila kukwepa. Hakika ilikuwa polepole mno, mpingo haupendi haraka. Nilikuwa nasikiliza kama Bibi atapiga kelele. Hakupiga. Karibu na mwisho utepe ulikutana na ule mpasuko wa Mtoto, sauti ikalegea, na mchi ukafunguka.

Sijui nyinyi mmewahi kuona mpingo mkavu wa miaka mingi ukifunguliwa. Nje mchi ule ulikuwa mweusi wa mikono ya watu. Ndani ulikuwa na mistari ya zambarau, na ya kahawia, na ukingo mwembamba wa njano kama kiini cha yai. Hakuna mtu aliyekuwa ameiona rangi ile, hata Bibi mwenyewe. Mama alilaza kiganja chake juu yake, akakiacha hapo.

Njomba alinyanyua nusu moja, akaigonga, akaniletea sikioni. Ikalia. Akanyanyua ya pili, akaigonga. Nayo ikalia, juu kidogo ya ile ya kwanza.

"Sasa wako wawili?" nilimuuliza.

Ndipo wakajua nilichokuwa nafikiri siku zote zile. Mama Rehema aligeukia ukuta. Njomba alichuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na yangu. Angeweza kunieleza habari za ufa na mti mkavu, na alikuja kunieleza baadaye, nilipokuwa mkubwa. Siku ile alisema, "Moja ya mama yako, moja yako. Hajapungua."

Nusu yangu aliipasua tena kwa utepe ule ule mpaka ikawa ubao mwembamba wa shingo ya gitaa. Pale palipoungua palibaki kidogo, karibu kabisa na mwisho wa juu, na Njomba alitaka kuparanda paondoke. Mama akasema paache. Nusu ya mama, Njomba aliichonga mwiko, mrefu, wenye uzito. Mama anasongea ugali stendi kwa mwiko ule mpaka leo, na wateja wanamuuliza mbona mwiko wake kama silaha.

Sasa utepe umekatika. Njomba alisema kwenye simu kwamba alishauunga kwa kuchomelea mara nyingi, safari hii chuma kimechoka. Kipande kimoja ametufanyia kisu. Nilitaka kumwambia asante, asante ya kweli, yenye vitu vyote ndani yake, ya kanga ya kujifunika, ya kuita tepe kwa majina niliyoyapa mimi, ya kumsikiliza dada yake ingawa alijua, na ya kunisikiliza mimi nilipokuwa sijui. Nikasema, "Shikamoo Njomba, kisu kimefika." Akasema, "Marahaba, kinakata?" Nikasema kinakata. Ndivyo nilivyo, na yeye ananijua.

Sipigi gitaa vizuri. Napiga chumbani, mlango nimefunga, na shuleni hakuna anayejua kama ninalo. Lakini jioni ile baada ya mchicha nilikaa nalo kitandani bila kulipiga. Kidole changu cha kwanza kilienda chenyewe pale palipoungua, ndipo ninapoanzia siku zote, napapata hata nikifumba macho. Jikoni mama alikuwa anamalizia ugali. Alipogonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria ili ugali udondoke, nikausikia mlio ule, wa Kitangari, wa asubuhi.

Nikagonga shingo ya gitaa kwa kifundo cha kidole. Kisha mama akagonga tena sufuria, safari hii bila ugali wowote wa kudondosha.

"Mzima?" aliuliza kupitia ukutani.

"Mzima, mama," nilisema, nikafungua mlango.